Saa Tano, Jembe Likishawekwa Chini: Mbinu za Kuunganisha Somo la Chuo na Maisha ya Mudugudu Rusizi

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, Rusizi kama kwingine kote Rwanda, maduka hufungwa asubuhi na watu hutoka na majembe, mapanga na sepeto. Sheria ya umuganda (kazi ya pamoja ya jamii) ya mwaka 2007 inamhusu kila mkazi mwenye miaka 18 hadi 65, na kazi huanza saa mbili hadi saa tano. Mwanafunzi wa chuo yumo katika umri huo, wala hahitaji kufundishwa kushika jembe. Wengi wamekwisha kupitia urugerero, yaani huduma ya taifa, baada ya kumaliza sekondari. Kinachowaponyoka ni kile kinachofuata saa tano, yaani kikao. Hapo ndipo vijana huanza kuchomoka mmoja mmoja, wakiwaachia wazee na akina mama mjadala wa mituweli (bima ya afya ya jamii), mifereji na usalama wa usiku.

Makala haya ni ya mhadhiri, kiongozi wa wanafunzi au mwanafunzi aliyerudi nyumbani likizo kutoka Huye, Kigali au Kibogora, anayetaka kuanzisha kile ambacho wataalamu wa elimu hukiita kujifunza kwa kutumikia jamii. Maana yake ni kazi inayofanywa pamoja na wakazi, iliyofungwa kwenye somo lenye alama, na inayorudi darasani kujadiliwa. Msimamo wangu ni mmoja. Jasho peke yake halimfanyi mtu raia anayeshiriki. Kinachomfanya hivyo ni kuuliza, kuandika, kupeleka swali mahali linapoweza kujibiwa na kurudi kudai jibu. Kwa hiyo mbinu zote zilizo hapa zinaelekea kikaoni.

Kwa nini kikao, si jembe

Mwaka 2000 Alexander Astin na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti uliofuatilia wanafunzi zaidi ya 22,000. Walikuta kwamba kujitolea kuna faida, lakini faida hukua kazi inapofungwa kwenye somo, na kwamba wanafunzi kuzungumza wao kwa wao juu ya waliyoyaona ni sehemu yenye nguvu mno ya zoezi zima. Miaka minne baadaye Joel Westheimer na Joseph Kahne waliwagawa raia wanaotengenezwa na mafunzo ya aina hii katika makundi matatu: anayetimiza wajibu wake, anayewapanga wenzake kushiriki, na anayeuliza chanzo cha tatizo. Kwa lugha ya hapa kwetu, wa kwanza anazoa taka, wa pili anaitisha watu wa kuzoa, wa tatu anauliza zinatoka wapi. Programu nyingi humzalisha wa kwanza, zikampigia makofi, zikaishia hapo.

Afrika Mashariki ina somo lake la zamani. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha mamia makwao. Mwaka uliofuata akatoa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kijana atumikie taifa na kufanya kazi kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa kubwa, lakini amri ilitangulia mazungumzo. Upande wa pili upo mfano wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ambacho tangu kitivo chake cha tiba kilipoanza karibu na mwaka 1990 huwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya vijijini, wapime hali ya jamii nzima na si ya mgonjwa mmoja tu. Makerere nayo ina utaratibu wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba huko kazi ya mtaani ndiyo somo lenyewe. Hakuna anayeiona kama adhabu iliyobandikwa kando ya masomo.

1. Nenda ukasikilize kabla ya kubuni chochote

Kosa la kawaida ni kufika na mradi uliokwisha kuandikwa chuoni. Anza kwa kuhudhuria, bila kuomba nafasi ya kusema. Rusizi ina milango mitatu iliyo wazi: kikao cha baada ya umuganda, inteko y'abaturage (mkutano wa wakazi) ya Jumanne, na umugoroba w'imiryango (jioni ya familia), ambako mambo ya nyumbani huzungumzwa kwa uwazi zaidi. Hudhuria angalau viwili kati ya hivyo kabla kundi halijachagua kazi.

Kila mwanafunzi aandike mambo matatu tu: jambo lililotajwa zaidi ya mara moja, mtu aliyetakiwa kulijibu, na jibu alilolitoa. Ukilinganisha madaftari ya wanafunzi kumi, utaona orodha ya mudugudu ikijitokeza yenyewe.

Heshima ya mahali ina utaratibu wake. Mkuu wa mudugudu huitwa "Mudugudu", katibu mtendaji wa akagari (seli) au umurenge (sekta) huitwa "Gitifu", na pale akagari kuna SEDO, anayeshughulikia maendeleo na ustawi. Usimruke Mudugudu ukaanzia kwa Gitifu, maana neno litamfikia kabla hujafika. Maneno ya kujitambulisha yawe machache: "Mwaramutse, Mudugudu. Sisi ni wanafunzi, huyu ni mwalimu wetu. Hatujaleta mradi wala fedha. Tunaomba kukaa kikaoni tusikilize, na tukipata ruhusa tutarudi." Sentensi ya "wala fedha" usiiache. Itakuepusha na wiki nzima za matarajio ambayo huwezi kuyatimiza.

2. Chagua jambo dogo lenye mlango wa kubisha

Jambo linalofaa hupita maswali matatu. Je, wakazi wamelitaja wenyewe? Je, linaweza kupimwa ndani ya wiki nane? Je, ipo ofisi au kamati inayoweza kuliamulia? Umaskini haupiti swali la pili. Hali ya hewa duniani haipiti la tatu. Mfereji wa maji ya mvua unaojaa chupa hupita yote.

Tuuchukue huo mfereji tuufuate mpaka mwisho. Mji wa Kamembe, hapa Rusizi, umekaa juu ya vilima vinavyoteremkia Ziwa Kivu, na kusini mwa ziwa ndipo mto Ruzizi unapoanzia safari yake kati ya Rusizi na Bukavu, upande wa Kongo, kuelekea Ziwa Tanganyika. Chupa iliyotupwa mtaani hubebwa na mvua, hushuka ziwani, na mkondo huivuta mtoni. Taka za plastiki kutoka mji wa Bukavu na vilima vya kandokando zimekuwa zikirundikana mbele ya bwawa la Ruzizi I hadi kusumbua mitambo ya umeme. Chini yake lipo Ruzizi II, linalozalisha umeme wa pamoja wa Rwanda, Burundi na Kongo. Mwanafunzi anayeinama mferejini Kamembe anashika ncha moja ya jambo linalogusa nchi tatu. Na maji yenyewe si mchezo: mvua za usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ziliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi.

Somo tofauti huleta kazi tofauti. Wa biashara wanaweza kukaa na ushirika wa wakulima wa mpunga Bugarama, wakafuatilia jinsi hesabu zinavyosomwa kwa wanachama na kama wanachama huzielewa. Wa uuguzi wanaweza kufuatana na abajyanama b'ubuzima (wahudumu wa afya wa jamii), wakaandika sababu zinazochelewesha kina mama kufika kliniki. Wa sheria wana abunzi, ambao kikao chao cha usuluhishi ni darasa tosha la utatuzi wa migogoro ya ardhi. Wa lugha wanaweza kuchunguza matangazo ya sokoni Kamembe: yameandikwa kwa lugha gani, na mfanyabiashara anayevuka kutoka Bukavu anaelewa nini?

3. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja

Ukurasa huo uwe na mambo matano: kazi yenyewe, siku na saa, nani wa mudugudu atafanya kazi nanyi, kitakachorudishwa kwa wakazi, na tarehe ya mwisho. Uandikwe kwa Kinyarwanda, na kwa Kiswahili pale wakazi wanapokitumia. Nakala moja ibaki kwa Mudugudu, nyingine akagari, ya tatu chuoni.

Kipengele cha nne ndicho kipimo cha uaminifu wenu. Kundi lisiloweza kuandika litarudisha nini linakuja kuchuma data na kuondoka. Wakazi wa kisiwa cha Nkombo, kwa mfano, wanatembelewa na watu wenye fomu, na ni haki yao kuuliza fomu zilizopita zilikwenda wapi. Huko pia kumbukeni kwamba lugha ya nyumbani si Kinyarwanda, na kwamba ratiba ya mashua ndiyo itakayopanga siku yenu.

4. Toa alama kwa walichojifunza, si kwa saa walizokaa

Mhadhiri akihesabu mahudhurio tu, atapata mahudhurio. Katika nchi ambayo umuganda ni wajibu wa kisheria, kuhesabu vichwa hakukuambii nani angebaki kama hakungekuwa na daftari la majina. Gawa alama sehemu tatu zilizo karibu sawa: daftari la kazi, ripoti iliyowasilishwa mbele ya wakazi, na insha inayounganisha walichokiona na nadharia ya somo. Wa takwimu waonyeshe sampuli waliyoitumia na udhaifu wake. Wa uhasibu waonyeshe mahali hesabu zilipokatika. Kazi ya mtaani isipohitaji chochote kilichofundishwa darasani, huo ni umuganda, na umuganda tayari upo.

5. Fanyeni kazi kwa macho, si kwa mikono tu

Turudi mferejini. Pimeni kipande cha mita 50 kwa kamba na mkiwekee alama. Asubuhi baada ya mvua, watu wanne wenye glavu na magunia mawili wanatosha. Kila kitu kinachotolewa kimwagwe juu ya turubai na kupangwa kwa mafungu: chupa za maji, chupa za soda na juisi, madumu ya mafuta, vifuniko, vifungashio laini, vinginevyo. Hesabuni fungu kwa fungu, mwandike, mpige picha ya turubai bila sura ya mtu. Rudieni baada ya siku saba, kisha tena. Hesabu ya siku moja ni habari. Hesabu za majuma sita zinaonyesha mwenendo.

Halafu mtazame kile kisichokuwapo. Kwenye turubai chupa ya kioo ya bia au soda ni adimu, ingawa vinywaji hivyo vinauzwa kila kona. Muulizeni mwenye duka sababu. Atawaonyesha kreti: chupa ya kioo ina thamani, ukinunua bila kurudisha tupu unaacha pesa, na hata ikitupwa kuna mtoto atakayeiokota. Chupa ya plastiki ikishanywewa haina mwenyewe. Papo hapo mazungumzo ya wanafunzi yanabadilika. Walikuja wakisema watu hawana usafi. Sasa wanauliza kwa nini chupa moja inarudi dukani na nyingine inakwenda ziwani, na ni nani mwenye uwezo wa kubadili hilo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ikapanua sheria mwaka 2019 kuhusu plastiki zinazotumika mara moja. Kwa hiyo sheria ipo ya kusomwa, na darasa lina sababu ya kuisoma.

6. Daftari la safu tatu

Tafakari isiyo na umbo huzaa sentensi kama "nimejifunza umuhimu wa ushirikiano". Zuieni hilo kwa kugawa ukurasa katika safu tatu: nilichokiona, nilichokuwa nadhani kabla, na nani anaweza kulibadili. Safu ya tatu ijazwe kwa cheo au chombo chenye jina; "serikali" au "jamii" havikubaliki.

Ukurasa mzuri husomeka hivi. Safu ya kwanza: "Vifuniko ni vingi kuliko chupa. Mama muuza duka anasema kuna anayenunua chupa tupu kwa ajili ya kuwekea maziwa." Safu ya pili: "Nilidhani chupa tupu haina soko." Safu ya tatu: "Wauza maziwa, ushirika wa usafi, Njyanama (baraza) ya umurenge kuhusu mahali pa kukusanyia." Mistari hiyo mitatu ina dhana iliyovunjika na njia ya kufuata.

Kila wiki mbili toeni saa moja darasani. Wawili wasome kurasa zao, wengine waulize. Mwalimu asihutubie, kazi yake ni kuuliza "Umejuaje?" na "Nani mwingine anaweza kuliona tofauti?" Mkisikia mzaha juu ya wakazi, simameni hapo mlizungumze, maana dharau ndogo ya darasani husikika mudugudu siku ya pili.

7. Rudini kikaoni mkiwa na ombi moja

Hii ndiyo siku inayozaa raia. Ombeni dakika tano baada ya umuganda au katika inteko. Msibebe kompyuta. Bango moja lenye maandishi makubwa latosha: tarakimu tatu, mchoro mmoja, ombi moja. Mkazi mliyefanya naye kazi azungumze kwanza, mwanafunzi amfuate. Mama wa duka akisema "tulihesabu", watu husikiliza kwa sikio jingine kuliko anaposema mgeni wa chuo.

Ombi liwe la kitu kinachoweza kukubaliwa au kukataliwa: sehemu ya kukusanyia chupa pale chini ya soko, au siku maalumu ya gari la taka kupita. "Tunaomba uhamasishaji" si ombi, kwa kuwa kila mtu atasema ndiyo na hakuna atakayefanya kitu. Akijibu Mudugudu au Gitifu, mwanafunzi mmoja aandike jibu mbele ya watu, alisome kwa sauti na kuuliza: "Tulifuatilie lini?" Tarehe hiyo iandikwe kwenye bango lenyewe.

Jibu likiwa hapana, ulizeni sababu kwa adabu. Huenda jambo ni la wilaya, au lingeweza kuingia katika imihigo, yaani mikataba ya utendaji ya viongozi, iwapo lingeletwa mapema. Mwaka wa bajeti Rwanda huanza Julai, na vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Mwanafunzi anayetoka kikaoni akijua ofisi ipi huamua nini, na kwa msimu gani, ameshika ujuzi ambao raia wengi wa makamo hawana.

8. Pimeni uraia baada ya alama kutoka

Dodoso la siku ya mwisho hudanganya, kwa kuwa mwanafunzi anajua mwalimu anataka kusikia nini. Subirini miezi mitatu, alama zikiwa zimekwisha kutolewa, kisha waulizeni mambo yanayoonekana: tangu hapo umehudhuria kikao gani? Umeuliza swali gani mbele ya watu? Unamjua mutwarasibo wako, yaani kiongozi wa kundi la nyumba zenu, kwa jina? Umerudi kufuatilia lile jibu? Waulizeni wakazi pia kama waliona faida na kama wangepokea kundi jingine. Wakazi wakisema hapana, zoezi limeshindwa hata kama insha zilikuwa nzuri.

Mambo ya kuepuka

Picha za watu mkiwa mmevaa fulana mpya, wao wakiwa na matope: ziacheni. Ahadi kwa niaba ya chuo: msizitoe. Mifano ya watu iliyomo kwenye daftari iandikwe bila majina, hasa mnapogusa afya, ardhi au ugomvi wa nyumbani. Mkitaka kulinganisha hesabu zenu na za wanafunzi wa Bukavu, kila upande ufanye kazi kwake na kwa ruhusa ya viongozi wake, kisha mbadilishane takwimu. Hali ya mpaka hubadilika, na mto wenyewe hauhitaji mvuke ili mjue unawahusu nyote.

Pia pangeni kwa mujibu wa mvua. Hesabu za mifereji zifanyike kati ya Septemba na Desemba au Machi na Mei. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinafaa kwa mahojiano na ramani. Wakati wa mavuno ya mpunga msiite mkutano Bugarama asubuhi. Hakuna atakayekuja, na mtadhani hawapendi maendeleo.

Muhula mmoja kwa ufupi

Wiki ya 1 hadi ya 3, kusikiliza na kuchagua. Ya 4, makubaliano. Ya 5 hadi ya 10, kupima, kuhoji na kujaza daftari, huku darasa likikaa kila wiki mbili. Ya 11, kuandaa bango pamoja na wakazi. Ya 12 au 13, kutegemea Jumamosi ya umuganda ilivyoangukia, kuwasilisha. Ya 14, insha. Mwezi wa tatu baada ya hapo, ufuatiliaji.

Mwanafunzi aliye likizo peke yake anaweza kufanya toleo dogo: vikao viwili, jambo moja, hesabu ya majuma matatu, dakika tano mbele ya majirani. Hatapata alama, ila atajulikana kama mtu wa kuulizwa.

Kwa mhadhiri, jambo la mwisho ni jalada. Makubaliano, hesabu, bango na majibu ya viongozi viwekwe pamoja, nakala moja akagari na nyingine chuoni. Darasa la mwaka ujao lianzie kwenye ukurasa wa mwisho wa jalada hilo, pale palipoandikwa jibu na tarehe ya kufuatilia, na swali lake la kwanza kwa Gitifu liwe: lile mlilolikubali mwaka jana, limefika wapi?